Malipo ya Nyasi za Desemba

Brent Stutzman aliporithi biashara ya baba yake ya kukata nyasi, kitu cha kwanza alichokiondoa kilikuwa simu ya ofisini. Alisema wateja wanapiga porojo tu. Mzee Lowell, baba yake, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchukua hundi, anasimama uani, anauliza habari za goti na wajukuu. Mwanawe aliona huo ni ushamba.

Akaenda semina huko Las Vegas, akarudi mtaalamu. Sasa kila mteja aandikishe kadi yake ya benki, na mfumo wa kompyuta uwe unakata pesa wenyewe kila Ijumaa. Mimi karani wake ndiye niliyewabembeleza wazee wa watu. Walikubali kwa heshima ya marehemu, si ya hilo jitu lenye miwani ya jua utosini.

"Brent, weka na tarehe ya kusimama," nilimwambia. "Hapa Ohio nyasi hazikatwi baridi ikiingia."

"Marlene, mama yangu, mfumo una akili kuliko sisi wote."

"Kuliko wewe, hilo sibishi."

Akacheka. Hata akitukanwa hajui.

Novemba ikaisha na theluji imefika magotini. Mashine zetu zimelala ghalani chini ya maturubai, na kila Ijumaa mfumo unakata pesa, kisha unamtumia kila mteja ujumbe: "Asante. Nyasi zako leo zinapendeza."

Bi Hostetler, mjane mmoja mwenye ulimi mkali, aliusoma kwa sauti kwenye chakula cha pamoja kanisani, sahani ya viazi mkononi. Nilikuwepo. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, halafu wakatoa simu zao. Mfumo ulikuwa na kitufe cha kujitoa, rahisi kabisa, huna haja ya kuzungumza na mtu.

Jumatatu Brent alikuja ofisini uso umemshuka. Biashara ya baba yake ilikuwa imebaki na wateja wa kuhesabika.

"Hata mmoja hakunipigia," alisema.

"Simu ipi?"

"Basi wapigie wewe. Wewe wanakupenda."

"Nenda mwenyewe ukawagongee mlango, uwaombe radhi. Anza na Bi Hostetler, wengine watamfuata."

Alichukua funguo za gari, akafika mlangoni, akasimama hapo. Nilijua anachotaka kuuliza, nikamwacha aumbuke.

"Huyo Bi Hostetler," alisema, "anakaa wapi?"