Viatu vya Satı

Kwetu Karaburç mtu akifa, viatu vyake hutolewa nje siku hiyohiyo na kuwekwa kando ya mlango, ncha zikielekea njiani. Apitaye akiwa na shida ya viatu huvichukua bila kubisha hodi, wala hakuna wa kumuuliza. Vikishachukuliwa, wenye nyumba hupumua. Marehemu amekwenda zake, hana la kumrudisha mlangoni.

Viatu vya mke wangu Satı vilikaa mlangoni miezi kumi na mitano.

Vilikuwa viatu vya mpira vyeusi, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja kwa namna alivyokuwa akitembea. Siku aliyokufa hakuvivaa. Alikuwa akipalilia pamba pekupeku kama kawaida yake, viatu ameviacha chini ya mforosadi, vimekaa pamoja kama vya mtu aliyeingia msikitini. Ndege ya mizigo ikatokea upande wa kambi ya wanajeshi wa kigeni, moja ya zile nene ambazo wanawake wetu waliziita wajawazito kwa ajili ya matumbo yao. Mimi nilikuwa mferejini nafungua maji. Niliiona ikipita chini kuliko mti, injini moja imenyamaza. Kisha shamba likawaka.

Wageni wa kambi walikuja na malori, wakalizungushia shamba kamba siku tisa. Walichokiokota walikitia mifukoni, mifuko wakaitia masandukuni, masanduku wakayapakia kwenye ndege nyingine kwenda kwao ng'ambo ya bahari, yakazikwe kwa bendera na tarumbeta. Nikauliza, na mke wangu je? Mkalimani wao, mtu wa Adana, mji wetu wa karibu, aitwaye Nejat, akanijibu akitazama karatasi zake kwamba hawakuona mwanamke. Basi. Satı, ambaye Adana yenyewe alifika mara mbili tu maishani, amezikwa katika nchi ambayo sijui jina la hata mji wake mmoja, ndani ya sanduku la askari fulani, na mama wa askari huyo anampelekea maua.

Imamu akatuswalisha swala ya ghaibu, kwa kuwa maiti hatukuwa nayo. Mimi nikaenda kuvichukua viatu chini ya mforosadi nikaviweka mlangoni. Kama kaburi limetushinda, nilisema, walau hili lifanyike sawasawa.

Hakuna aliyevichukua. Hata bibi Iraz, ambaye wakati wa baridi alijifunga magunia miguuni, akifika karibu na nyumba yangu alivuka njia akapita upande wa pili.

"Bibi, chukua," nilimwita siku moja. "Vitakutosha."

"Vinanitosha, mwanangu, ila mwenyewe bado anavihitaji," akasema, na hakusimama.

Msimu wa kukamua zabibu ulikuwa umekwisha, mvua bado haijaanza. Asubuhi moja nikatoka na birika la kutawadhia nikakuta viatu vimegeuka. Havikuelekea njiani tena, vilielekea bondeni, kwenye mizabibu ya shemeji yangu Battal, kaka yake Satı. Soli za viatu zilikuwa na tope bichi, na nchi nzima ilikuwa kavu kama kigae.

Battal alipokuja kunywa chai akavitazama.

"Shemeji, mbwa wako anachezea viatu vya dada yangu."

"Sina mbwa."

"Basi paka."

"Paka gani anapanga viatu pamoja?"

"Wa kwako. Lazima nyumba hii awemo mmoja anayejua usafi."

Nikavigeuza vitazame njiani. Siku ya tatu, mchana, mjamzito mwingine wa kambi akaanguka kwenye mizabibu ya Battal. Watu wote wa ndege walikufa. Battal alikuwa kwa kinyozi. Alikuja mbio akiwa amenyolewa shavu moja, povu limekauka kwenye shavu la pili, akasimama akiangalia mashina yake yanavyowaka. Siku hiyo hakunitania.

Mara ya pili ilikuwa majira ya kuchipua, korongo wamerudi mapaani. Viatu vilielekea mtoni. Safari hii sikuvigusa. Nilimwita Battal, tukakaa kibarazani siku mbili tukila mkate na zeituni kama watu wanaosubiri wageni. Siku ya tatu ndege ikatoka kambini, ikainuka, ikalala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, ikaingia mtoni. Maji yalichemka. Siku kadhaa baadaye samaki walikuwa bado wanaelea matumbo juu.

"Sikiliza, Durmuş," Battal akaniambia. "Vikigeuka tena usiniambie vimeelekea wapi. Mimi sitaki kujua."

Mara ya tatu ilikuwa wakati wa kuchuma pamba. Nilitoka alfajiri nikaviona vimeelekea mashariki, moja kwa moja kwenye shamba la Tepecik. Huko ndiko wachumaji walikopiga mahema yao, kaya arobaini na kitu, na kati yao alikuwamo binti yangu Gülsüm, na mume wake, na mtoto wao wa miezi mitano. Satı aliniachia mtoto mmoja tu, na huyo mmoja analala pale.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, Rüstem. Nilimkuta kwenye mkahawa, miguu juu ya kiti cha pili. Nikamweleza yote, mbele za watu, sikuona haya. Alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

"Durmuş, kambi ile ndiyo inayoajiri nusu ya kijiji. Unataka niende langoni niseme, waheshimiwa, viatu vya marehemu mmoja vimetoa taarifa?"

"Waambie wapitishe ndege zao upande mwingine siku tatu. Au wewe wahamishe wachumaji."

"Na pamba achume nani? Wewe na viatu?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Wako hawako kwenye mahema, Rüstem."

Hapo akashusha miguu, akaenda kupiga simu, na simu hiyo ikaniponza. Kabla ya adhuhuri askari wa wilaya walinichukua, wakanifungia kwa kosa la kutia watu hofu. Nilirudishwa kesho yake jua likiinama. Siku ya kwanza nzima na ya pili karibu yote ikawa imeliwa na Rüstem na ofisi.

Nikaenda moja kwa moja Tepecik. Gülsüm alikuwa nje ya hema anaoka mkate mwembamba juu ya bati, mtoto mgongoni. Alinisikiliza huku anageuza mkate kwa kijiti.

"Baba, nikienda kwako usiku huu mume wangu anabaki. Utakuwa umeokoa nusu."

"Mje wote."

"Na hawa wengine? Nikimwambia mama mkwe wangu kwamba mama anatembea, atasema nimerukwa na akili, ataninyang'anya mtoto." Akanipa mkate wa moto. "Mama kila mavuno alikuwa anakuja kuniangalia. Unakumbuka? Anakuja kwa miguu, anasema anapita tu. Labda viatu havina neno jingine zaidi ya hilo."

"Mara mbili, Gülsüm. Mara mbili ndege imefuata."

"Najua," akasema. "Kula, baba."

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya viatu. Nilifikiri hivi: kosa lilikuwa kuviweka mlangoni kwangu. Marehemu hakutoka kwangu. Walimchukua wao, kwa malori yao, bila kumwita hata kwa jina. Viatu ni vya kuwekwa kwenye mlango wa mwenye maiti.

Siku ya tatu alfajiri nikavibeba chini ya kwapa mpaka lango la kambi. Zamu ilikuwa ya askari wetu wenyewe, kijana wa Kastamonu aitwaye Selami. Nilimjua. Mara kadhaa nilimpelekea tini.

"Mjomba, hapa si pa kuuzia mitumba," akasema.

"Ni vya marehemu."

Akavua kofia. "Mungu amrehemu. Nani?"

"Mke wangu. Wakubwa wako wa ndani ndio wanaye."

Selami akanipa sigara. Nikainama nikaviweka viatu kando ya nguzo ya lango, pamoja, taratibu. Yeye akaangalia.

"Umeelekeza ncha ndani, mjomba. Kwetu tunaelekeza nje."

"Hata kwetu."

Akaniwashia sigara. Ningeweza kumwambia aombe ruhusa, ajifanye tumbo linamuuma, aondoke pale. Sikumwambia. Nilikuwa nafikiria hema moja tu.

Saa nne nilikuwa Tepecik nachuma pamba kwenye tuta la Gülsüm, ili kama ni kufa tufe tuta moja. Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuja kutoka kusini, inarudi kambini, nene, injini zinakohoa, na ilikuja moja kwa moja juu ya mahema. Wanawake walijitupa chini. Gülsüm alimlalia mtoto, mimi nikamlalia Gülsüm. Kivuli kikapita juu yetu polepole mno, hata nikapata muda wa kuona pamba nyeupe ikigeuka ya kijivu, kisha nyeupe tena. Mahema yaling'oka vigingi. Mafuta yakatudondokea mgongoni kama manyunyu. Halafu ikapita. Ikaenda, ikaenda, ikaanguka ndani ya uzio wao.

Mtoto hata hakushtuka usingizini.

Waliokufa ndani ya ndege walikuwa askari waliotoka likizo, ishirini na mmoja, Nejat ndiye aliyeniambia, wengi hawajaanza kuota ndevu vizuri. Bawa moja lilifika langoni. Nguzo haikubaki, kibanda cha zamu hakikubaki. Redio ilisema chanzo ni upepo. Wakubwa wa kambi walikuwa kwenye jengo lao la mawe upande wa pili, na kule hata kioo hakikupasuka. Rüstem alipeleka rambirambi akiwa amefunga tai shingoni, na kwenye mkahawa akaeleza jinsi alivyoshauri mapema wachumaji walindwe.

Nawalaumu wao na nitawalaumu mpaka nife. Wa kambi ndio waliopitisha matumbo yale ya chuma juu ya vichwa vya watu wanaopalilia, na Rüstem na askari wa wilaya ndio walionifungia siku ambayo ingetosha kuwaondoa watu kwa amani. Lakini zile ncha nilizielekeza mimi. Kule Kastamonu upo mlango ambao nje yake kuna viatu vya kijana, na mama mmoja anasubiri mtu apite avichukue.

Hayo yalitokea mwezi uliopita. Juzi asubuhi nilifungua mlango nikavikuta viatu vya Satı. Lango zima liliungua, chuma kiliyeyuka, lakini mpira wake hauna hata alama ya moshi. Vina tope bichi, na kisigino cha kushoto ndicho kilekile. Havielekei njiani, wala bondeni, wala Tepecik. Vimetazama ndani ya nyumba.

Battal alikuja akasimama mbali, njiani.

"Shemeji, njoo kwangu siku tatu. Nina kitanda, nina mtindi, na sitakutania."

"Ulisema hutaki kujua vinapoelekea."

"Nina macho, Durmuş. Toka humo."

"Mwambie Gülsüm asije huku mpaka siku tatu zipite. Mzuie hata kwa kumfunga."

Alilia, mtu mzima yule, kisha akaenda kumzuia.

Mimi sikutoka. Mtu anayekwenda zake viatu vyake hutazama njia, na anayerudi nyumbani huvivua ncha zikitazama ndani, kama Satı alivyovivua kila jioni kwa miaka ishirini na sita. Huenda ni hilo. Huenda ni lile jingine. Nimefagia, nimetandika blanketi lake jekundu, nimeuacha mlango wazi.

Leo ni siku ya tatu. Chai iko tayari, nimetoa glasi mbili. Upande wa kambi wameanza kuwasha injini.