Mashine Iliyomkataa Abuu

Mwalimu Judith alifundisha fizikia mpaka akastaafu, na maisha yake yote hakuna kilichomkera kama mtu mzima kuamini jambo lisilopimika. Alipostaafu, wanawe walimnunulia mashine ya kuchonga mbao, ile ya kuwekwa nyumbani, inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta. Akaifunga katika chumba cha nyuma cha nyumba yake ya Bigwa na kuwatangazia majirani kwamba kuanzia sasa nakshi zitachongwa kwa hesabu.

Wa kwanza kufaidika alikuwa jirani yake Mwanahawa, muuza tangawizi, ambaye binti yake Shadya alikuwa anaolewa. Judith alikuwa amemfundisha Shadya, basi akaahidi kumpa zawadi ya ubao wa kichwani mwa kitanda, wa mninga, wenye maua pembeni na majina ya maharusi katikati.

Mwanahawa alikuja kushuhudia, kaketi kwenye stuli na kanga yake begani. Kichwa cha mashine kikateleza kwenye reli zake, kikachonga maua ya kushoto, kikachonga "Shadya", kikachonga "na". Kilipofika kwenye "Abuu" kikatoa mlio wa kukereza, kikatetemeka, kikasimama. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi mekundu: mhimili umekwama.

"Imekuwaje?" Mwanahawa aliuliza.

"Umekwama tu, Mama Shadya. Pengine vumbi."

Judith akasafisha reli kwa brashi, akapaka mafuta, akairudisha mashine mwanzo. Ikapita upya juu ya maua, ikapita kwenye "Shadya", na palepale kwenye "Abuu" ikagoma.

Mwanahawa akajifunga kanga vizuri. "Mwalimu, jina la mwanangu limepita bila taabu."

"Mashine haijui majina."

"Sijasema inajua," Mwanahawa alijibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema.

Judith alihangaika siku zilizofuata. Alikaza mkanda unaovuta kichwa cha mashine. Alibadilisha kisu kwa kudhani kimekuwa butu. Alipunguza kina, mninga uchongwe taratibu, tabaka kwa tabaka. Hata umeme aliushuku, akachomoa friji na pasi ili mashine iutumie peke yake. Kila mara mashine ilimchonga Shadya kwa raha zake na kumgomea Abuu.

Huko nje habari ilikuwa ikitembea bila kukwama popote. Sokoni watu walimuuliza Mwanahawa kama ni kweli. Wengine walisema mashine imetoa moshi. Wengine kwamba imelitamka jina la bwana harusi kisha ikaguna. Haikuchukua muda, ikafika Mlali kwa kina Abuu.

Alasiri moja Judith akaona ugeni mlangoni: Mwanahawa, Shadya, na kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi kwa makini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Abuu?"

"Ndiye mimi. Nimesikia kuna tatizo na jina langu."

"Tatizo ni la mhimili," Judith alisema. "Jina lako halina kosa. Karibuni ndani, tuthibitishe mbele ya wote."

Aliwapanga ukutani kama alivyokuwa akipanga darasa kwenye maabara, akaiwasha mashine. Kisu kilipomaliza "Shadya" Abuu akajifuta jasho. Kilipomaliza "na", akajifuta tena. Mlio ukaja, mtetemo ukaja, kioo kikawa chekundu.

"Basi!" Abuu alisema. "Basi, nitasema."

"Useme nini?" Judith akashangaa.

Kijana alimgeukia Mwanahawa, macho chini. "Mama, nilishawahi kuoa. Tuliachana. Nina mtoto wa kike, anakaa kwa mama yangu Mlali. Nilitaka kukwambia tangu posa, nikaogopa mtanikatalia."

Mwanahawa alimtazama, akaitazama mashine, akamtazama tena. "Ningejua wapi mimi," alisema polepole, "kama si hii?"

"Mimi nilijua," Shadya akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nilijua zamani, mama. Anaitwa Raya. Viatu vya shule anavyovaa nilimnunulia mimi."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwanahawa alimsahau Abuu kabisa, akamvaa binti yake: yaani umeficha, yaani mjukuu ninaye na sijui, yaani mpaka chombo cha umeme kiniambie! Shadya naye alijibu, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. Abuu alikuwa katikati akiomba radhi kwa yeyote aliyekuwa tayari kupokea.

Judith, ambaye hakupenda kusikiliza ugomvi wa watu, aliinama nyuma ya mashine ajifanye ana kazi. Ndipo akaona kilichokuwa kikiikwamisha. Wiki chache nyuma alikuwa amezikusanya nyaya za kichwa cha mashine na kuzifunga pamoja kwa kamba, fungu moja nadhifu, kwa sababu hakupenda kuziona zikining'inia. Fungu hilo lilikuwa fupi. Kila kichwa kilipokwenda kulia, lilinasa chini ya kibanio cha ubao na kukivuta kisiendelee.

"Waya!" alipiga kelele. "Jamani, ni waya!"

Hakuna aliyegeuka. Akakata kamba, nyaya zikalegea, akaianzisha mashine upya. Safari hii ikapita moja kwa moja: A, b, u, u, mpaka ua la mwisho.

Ugomvi ukakatika. Mwanahawa akausogelea ubao, akapitisha kidole juu ya jina.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kasema ukweli, imemkubali."

"Mama Shadya, nimekata kamba. Hii hapa, itazame."

"Nimeiona, mwalimu," alijibu Mwanahawa kwa upole, akiwa haitazami. Kisha akamgeukia Abuu. "Huyo Raya aje harusini. Nguo yake nitashona mimi."

Harusi ikafana, na Judith akapata wateja kuliko alivyowahi kuota. Tabu ni kwamba hakuna aliyetaka milango wala kabati. Wote walileta majina mawili mawili. Aliwaeleza habari za waya mpaka koo likakauka; waliitikia, wakashukuru, wakauliza kama wachumba wenyewe wawepo au majina yanatosha.

Hata Nasra akaja, mwalimu wa biolojia aliyefundisha naye shule moja miaka mingi. Alisema amepita tu kusalimia. Kisha akafungua mkoba na kutoa kipande cha mninga.

"Wewe, Nasra?"

"Nataka pambo la ukutani. Andika jina langu na la Kelvin."

Judith alimfahamu huyo Kelvin, mchumba wa Nasra, na hakumpenda hata kidogo. Akakibana kibao, akaiwasha mashine. Jina la Nasra likachongwa, na Nasra akaacha kupumua. Judith akaukuta mkono wake mwenyewe umekwisha kufika juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha, umetulia hapo, unangoja jina la Kelvin.

Akauondoa, akautia mfukoni, na mashine ikaendelea na kazi yake.