Kompyuta ya Kaka

Baba alikuwa fundi redio. Nilipotimiza miaka kumi alileta nyumbani kompyuta iliyokuwa kibao cha vitufe tu. Ukitaka kuona kitu ulilazimika kuichomeka kwenye televisheni, na programu zake zilisomwa kutoka kwenye kaseti, zikilia kama panya aliyebanwa na mlango.

"Hii ni ya kaka yako," akanionya. "Wewe usiiguse."

Kaka aliichezea siku tatu, akaichoka, akarudi kwenye mpira wake. Mimi nikakichukua kitabu cha maelekezo, nikakisoma mpaka jalada likang'oka. Baba akienda kazini tu, nilikaa sakafuni nikiandika mstari baada ya mstari. Siku duara la kwanza lilipojichora lenyewe kwenye kioo, nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani nimeungua.

Nikatunga mchezo wa punda anayetafuta njia ya kutoka zizini. Jumapili moja Kaka akauwasha mbele ya wageni wa Baba. "Nimeutengeneza mimi," akasema.

"Muongo! Ni wangu!"

Kofi la Baba lilinifikia kabla sijafunga mdomo. "Wivu huo umeutoa wapi?"

Wageni wakacheka. Kaka akapelekwa chuo cha kompyuta. Mimi nikapelekwa kwa shangazi kujifunza cherehani.

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nilianza kwa kuifungua cherehani yenyewe, zikaja simu za majirani, kisha mashine za maofisini. Leo nina karakana yenye mafundi sita. Kaka aliacha chuo mwaka wa kwanza, anauza magodoro.

Mwezi uliopita Baba, ambaye sasa haoni, aliniita niiwekee simu yake sauti ya kumsomea ujumbe. Nikiwa naipanga, nikamwambia, "Baba, ule mchezo wa punda niliutunga mimi."

"Najua. Nilijua siku ile ile. Kaka yako hata kuiwasha kompyuta alikuwa akikuita wewe."

"Na kofi je?"

"Mbele ya wageni, mwanangu? Ningemuaibisha mtoto wa kiume?" Akanyoosha mkono. "Umemaliza?"

Nilitamani kuibamiza simu sakafuni. Ila yenyewe haikunikosea kitu. Nikaimalizia, nikamshika kidole nikamwonyesha pa kubonyeza. Sauti ikatoka safi, kila neno mahali pake.

Akaisikiliza, akaguna. "Kaka yako angefanya haraka zaidi."