Kutua Mara Sita

Haya, nikuulize wewe unayesikiliza: ni kitu gani, ukipanda nacho mlima, kinazidi uzito na hakuna mtu aliyeongeza kitu ndani? Umeshindwa? Ni bidon, lile dumu la maji. Wanawake wa kilima kile cha Masisi, juu ya barabara ya Sake, wangekujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Siku moja, baada ya misa, watu wa kilima walibaki mbele ya kanisa ili waamue robine ya kuchotea maji isimame wapi. Bomba zilitosha robine moja tu. Mama Mukasine njo alikuwa prezida wa komite ya maji, na watu walikuwa wanangoja neno lake kabla ya kuinua mikono.

Mwalimu Sebarenzi akasimama na karatasi yake. "Chini kuko nyumba makumi sita. Juu kuko kumi na mbili. Hii hesabu hata mutoto wa kwanza primaire anaiweza!"

Watu wakacheka. Mukasine hakucheka. Alikuwa anamwangalia Byukusenge, mke wa mwanawe, amekaa kwenye nyasi na tumbo lake la miezi saba. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa. Mwaka uliopita aliteleza na bidon kwenye njia ile, mimba ikatoka. Tangu mimba hii mpya, Mukasine ndiye aliyemchotea maji, na magoti yake ya kizee yalikwisha kuanza kukataa.

"Mie naona iende juu," akasema.

"Eh, Mama! Tuambie wazi," Sebarenzi akasema. "Ni kichwa njo inaongea, ao ni roho?"

Mukasine akamgeukia jirani wa chini. "Emérita, kutoka mutoni mpaka kwako, unatua bidon upumzike mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Na ninyi wa juu?"

"Mara sita!" wakaitika pamoja. Pale hakuna mwanamke aliyepima njia kwa mita.

"Basi Mwalimu, andika. Nyumba makumi sita, mara moja moja. Nyumba kumi na mbili, mara sita sita."

Sebarenzi akaandika, akafuta, akaandika tena. Sitini. Sabini na mbili. "Lakini Mama, watu wa chini bado ni wengi."

"Ni wengi. Sikatai."

Emérita akainua mkono. "Kutua mara moja hakujaniua. Iende juu." Mkono mwingine ukafuata, na mwingine, mpaka mikono ikawa mingi kuliko ile iliyobaki magotini.

Watu walipotawanyika, Mukasine alimshika Byukusenge mkono, wakaanza kupanda polepole. Sebarenzi akawafikia nyuma, anahema.

"Mama, ile ya kichwa na roho, hukunijibu."

Mukasine akasimama, akamtengenezea mkwewe kitenge kilicholegea tumboni.

"Ilikuwa roho, Mwalimu. Hesabu niliitafuta kisha, sababu niliogopa mutanicheka."