Mdhamini wa Suyunbek

Mama Anipa alifariki theluji ilipoanza kuanguka, na hadi theluji inayeyuka mwanawe Suyunbek, aliyefungwa ng'ambo ya milima, alikuwa hajaambiwa. Mgeni atasema huo ni ukatili. Aseme. Kwetu sisi Wakirgizi mtu aliye mbali hapewi habari ya kifo. Huletwa kwanza nyumbani, ndugu wakakusanyika, wazee wakamwambia, akalia huku ameshikwa mabega. Ndiyo maana ofisa alipopiga simu kuhakiki makazi ya mfungwa, mjomba Esenkul alijibu bila kupepesa macho: "Mama yake yupo, mzima wa afya." Angesema kweli, Suyunbek angeambiwa na askari, mezani, kama mtu anayeambiwa viatu vyake viko tayari.

Tatizo ni kwamba uongo ule ulifika hadi mahakamani. Suyunbek alikubaliwa kutoka kabla ya muda wake kwa sharti moja kubwa: akaishi na mama yake mjane, amtunze. Mama ndiye aliyeandikwa mdhamini.

Dada yake, Burul, ndiye aliyekwenda kumpokea kwa gari la mumewe. Ofisini walikaa watatu: yeye, mdogo wake aliyekonda hadi shati likawa linampwaya, na ofisa mnene aliyekuwa anakunywa chai.

"Mdhamini yuko wapi?" ofisa aliuliza.

"Miguu inamsumbua, afande. Safari ya mlimani haiwezi. Amenituma mimi."

"Lakini mzima?"

Burul alitazama shati lile linalopwaya. Kusema amekufa kulikuwa kumrudisha mdogo wake ndani, akangoje kikao kingine, tena na msiba wake peke yake katikati ya wezi.

"Mzima," alisema.

Ofisa akasukuma karatasi mbele. "Soma kwa sauti, kijana. Usije ukaniambia hukuelewa."

Suyunbek alisoma akitabasamu. Ataripoti kituoni kila wiki. Hatagusa pombe. Hatatoka wilayani bila ruhusa. Atamtunza mama yake Anipa, wala hatamwacha peke yake. Hapo alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Hilo, afande, hata msingeniandikia. Naapa."

Akatia sahihi. Burul aligeukia dirishani, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndani ya gari mdomo wa Suyunbek haukufungwa.

"Mama bado anamfokea yule ng'ombe kama mke mwenza?"

"Anamfokea."

"Na wewe bado unaendesha kama umeiba gari?"

"Nyamaza, mfungwa wee."

Walicheka, na kicheko kile kilimuuma Burul kuliko kilio. Kila jibu alilotoa lilimfufua mama kidogo, na mwisho wa safari angekufa tena mara moja, machoni pa kijana huyu anayecheka.

"Dada. Alinisamehe?"

"Alikusamehe zamani."

Hilo angalau lilikuwa kweli.

Walivuka mlima wa Dolon. Kwenye daraja la kuingilia kijijini Suyunbek aliinamia kioo cha mbele. Mbele ya nyumba yao wanaume walikuwa wamesimama kwa mstari, mishipi imefungwa viunoni, wameinamia fimbo zao. Tangu utotoni alikuwa amewaona wanaume wakisimama hivyo kwenye nyumba za wenzake waliofiwa.

"Simamisha gari."

Alisimamisha.

"Lini?"

"Wazee watakwambia, Suyun. Si mimi."

"Nimesoma ile karatasi mbele yako. Nimeapa, dada. Nimeapa, na wewe umekaa tu."

"Ningesema wangekurudisha ndani!" Burul aliangua kilio, kile alichokibana tangu majira ya baridi. "Ulitaka nikuache kule?"

Suyunbek alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke.

"Ungeniacha," alisema. "Kule mama alikuwa hai."

Akashuka, akawaendea wazee kwa miguu, na Burul hakuweza kuwasha gari.