Sakafu Iliyolala Upande

Miwani ya baba mkwe ilirudi dukani mara ya tatu siku ya Jumatatu asubuhi, imefungwa ndani ya leso kwa mafundo mawili, ili nielewe vizuri kwamba aliyeifunga hana nia ya kuivaa tena. Aliyeileta ni mama mkwe. Mwenyewe alisimama nyuma yake karibu na mlango, mikono mgongoni.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akaijibu rafu ya fremu.

Mama mkwe akaniwekea leso mezani. "Anasema sakafu bado imelala upande."

Sakafu yenyewe ilikuwa chini ya miguu yetu, na aliyeimwaga ni mzee mwenyewe, mwaka niliofungua duka hili. Baba mkwe ni fundi mwashi. Miaka arobaini anajengea watu kuta, na sijasikia hata ukuta wake mmoja ukilalamikiwa. Aliporudi mara ya pili nililaza pima maji yake pale chini, kiputo kikaja katikati kikatulia. Alikitazama kiputo, akavaa miwani, akaitazama sakafu, akatikisa kichwa. Kwa macho yake ilikuwa inateremkia ukutani, na alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu asije akateleza.

Nilikuwa nimechoka naye, niseme ukweli. Mteja mwingine akirudisha miwani mara tatu ningemwelekeza kwa fundi mwingine na kumtakia kila la heri. Baba mkwe huwezi kumwelekeza popote.

Na nguvu ya lenzi ilikuwa sawasawa, hilo ndilo lililonichemsha. Haoni mbali kabisa. Bila miwani anamtambua mtu kwa sauti. Akivaa hii niliyomtengenezea anasoma herufi zote za ukutani mpaka ule mstari wa chini unaowashinda vijana. Anasoma, halafu anasema ukuta wenye herufi umepinda. Ile ya zamani aliikanyaga mwezi uliopita. Alitengenezewa na mzee mmoja wa mtaa wa pili ambaye sasa amestaafu, na kwa miaka tisa haikuwahi kumwinamishia kitu.

"Muulize mkwe," baba mkwe akasema, akiwa bado anaitazama rafu yake, "mwiko wangu nikiuchovya kwenye ndoo ya maji naona umevunjika. Nikiutoa, mzima. Ni nini kinachouvunja?"

Mama mkwe akanigeukia. Ndivyo tulivyozoea. Yeye huniambia nilichokwisha kukisikia, nami humjibu yeye, na jibu humfikia mwenye swali akiwa hatua mbili kutoka kwangu.

"Mwiko hauvunjiki, mama. Mwanga ndio unaopinda ukitoka kwenye maji kuja hewani. Jicho halijui kwamba umepinda, linadhani umekuja moja kwa moja. Kwenye lenzi ni hivyo hivyo. Ukipita katikati yake haupindi. Ukipita pembeni unapinda, na kioo chake kikiwa kinene namna hii unapinda sana."

Akafikiri. Namsifu kwa hilo, mzee akiuliza hulisubiri jibu.

"Muulize, sasa mwanga unajuaje katikati ya kioo ni wapi?"

"Haujui," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na ukali nisioukusudia. "Mimi ndiye ninayetakiwa kujua. Naiweka katikati ya lenzi mbele ya mboni ya jicho. Ndiyo kazi yangu."

Nikamkalisha kitini nimpime upya, kwa mara ya nne. Nikaweka rula juu ya pua yake. "Baba, angalia jicho langu." Nikasoma. Kutoka katikati ya pua hadi mboni ya kulia, milimita thelathini na tano. Hadi ya kushoto, ishirini na tisa. Vipimo vile vile vya mara tatu zilizopita, bila kuongezeka wala kupungua. Tofauti ya pande mbili haikunishtua. Pua ya baba mkwe ilivunjwa na tofali akiwa kijana na imekaa itakavyo. Niliitupia lawama pua, nikaendelea.

Alipotoka nje kupata hewa, mama mkwe alibaki. Akaniambia habari ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amenigusia. Mzee anajenga ngazi za jengo la ghorofa mbili, na wiki iliyopita alibomoa ukuta wa ngazi uliokuwa umefika kiunoni kwa sababu aliuona umelala. Msimamizi akaja na timazi, akaitundika kwenye kipande kilichobaki. Kilikuwa kimenyooka kama kamba yenyewe. Hakumgombeza. Alimwambia anampa mpaka Ijumaa, na kama macho yatakuwa bado hivi, basi apumzike.

"Ikimtoka kazi hii hatashika nyingine, mwanangu. Namjua. Atakaa kwenye kiti mpaka kiti kimchoke."

Nilikata lenzi upya usiku na mchana, Jumatatu na Jumanne. Niliziweka kwenye mashine ya kupimia, nikakuta katikati yake iko pale pale nilipoandika, bila hitilafu hata ya unywele. Jumatano alfajiri alizivaa nyumbani akiwa ukumbini, akashika fremu ya mlango. Nilitamani kulia. Nilitamani pia kumwambia kwamba miwani ni nzima na tatizo liko kichwani mwake, na namshukuru Mungu sikufungua mdomo.

Nikaamua kwenda kwa msimamizi kumwombea siku zaidi. Kumwombea mkwe wako kazi ni jambo la aibu, akijua hatakusamehe, lakini nilikuwa nimefika mwisho wa ufundi wangu.

Niliwakuta chini ya ngazi wakibishana. Baba mkwe alikuwa ameitia miwani mfukoni, na kwa kuwa bila miwani haoni, alikuwa amemsogelea msimamizi mpaka pua zinakaribia kugusana. Mtu asiyejua angedhani zitapigwa ngumi.

"Ukuta niliuona kwa macho yangu," alikuwa anasema. "Nikubishie wewe au niyabishie macho yangu?"

"Fundi, timazi haina chuki na mtu."

Mimi nilisimama pembeni yao nikisubiri zamu yangu ya kusema, na kwa kuwa hakuna aliyeniona, nilimtazama baba mkwe usoni. Nilimtazama kama ninavyomtazama mteja yeyote. Alikuwa amemkazia msimamizi macho, na mboni zake mbili zilikaa sawa huku na huku ya ile pua iliyovunjika. Sawa kabisa. Sikuhitaji rula; nimefanya kazi hii miaka mingi, milimita sita naziona nikiwa ng'ambo ya barabara.

Kisha msimamizi akanisalimia. Baba mkwe akageuka, akanitambua kwa sauti nilipoitikia. Na papo hapo macho yake yakaniacha, yakahamia kulia, kwenye geti.

Sikumwomba msimamizi chochote. Niliwaambia nilikuwa napita, nikaondoka nikiwa nimeuma meno. Miaka kumi na mmoja tangu niolewe katika nyumba ile, baba mkwe hajawahi kunitazama usoni. Si chuki. Kwake ndiyo heshima ya mtu na mke wa mwanawe, na mimi niliizoea mpaka nikaacha kuiona. Kila nilipomwambia angalia jicho langu, aliangalia mlango wa duka, ulioko kuliani kwake. Mara nne. Nami mara zote nne niliikodolea rula, kwa sababu na mimi nilikuwa na heshima zangu za kijinga. Kila jicho lilikuwa limesogea kulia milimita tatu, na nilimwekea katikati ya lenzi huko huko, kwa usahihi mkubwa. Yule mzee wa mtaa wa pili alimtazama na akatazamwa, mambo yakaisha siku moja.

Alhamisi niliwaita wote wawili dukani, nikafunga mlango na kushusha pazia lake.

"Baba, leo nakuomba unitazame. Mimi. Machoni."

Akamwambia mama mkwe, "Muulize kama hakuna namna nyingine."

"Ipo mashine ya kupima bila kutazamana, na sina. Na nikikwambia uangalie kitu cha mbali, hukioni, jicho litatangatanga."

"Basi mwambie aache. Hii hii itatosha, nitaizoea."

Hapo nikapandwa na hasira, na sikuizuia. "Huwezi kuizoea, baba. Utabomoa ukuta mwingine. Umeniuliza mwanga unajuaje katikati ni wapi, nikajisifu mbele yako kwamba mimi ndiye ninayejua. Sijui. Nilikuwa napima mlango. Kesho ni Ijumaa na kazi yako itaondoka kwa sababu mimi na wewe tunaona haya."

Sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo, tena moja kwa moja, tena kwa sauti hiyo. Mama mkwe alikuwa ameshika kifua. Halafu akasema polepole, "Mtazame mtoto, mume wangu. Hatakula nyama yako."

Kichwa hakikusogea. Macho ndiyo yaliyokuja, taratibu, kama mtu anayeburuta mfuko wa saruji. Yalipofika kwangu yakabaki. Yalikuwa ya kahawia nyepesi, na sikuwa nimewahi kujua. Nikasahau kusoma rula, nikaanza upya.

Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Pua haikuwa na kosa lolote.

Nilikata lenzi jioni ile ile, na Ijumaa asubuhi mume wangu akampelekea miwani. Mimi sikwenda. Nilikaa dukani nikiharibu kazi za watu, kila mteja akiingia nadhani ni yeye na leso yake.

Saa kumi jioni akaja na mama mkwe. Baba mkwe alikuwa na saruji mbichi kwenye viatu mpaka juu ya kamba, na saruji mbichi haimpati mtu aliyeambiwa akapumzike. Alisimama katikati ya duka bila kushika meza. Akaitazama sakafu yake kutoka ukuta hadi ukuta, akakanyaga mara mbili kwa kisigino. Kisha akaigeukia rafu ya fremu.

"Mwambie mkwe imenyooka."

"Nimesikia, baba," nikasema, maana uchovu ulikuwa haujaniisha, na kuona tumerudi kwenye rafu kuliniuma.

Hakuondoka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Na mwambie macho yake ni mekundu. Niliyaona jana. Halali huyu. Mwambie mwanao amsaidie kazi za nyumbani."

Mama mkwe akanigeukia ili anifikishie, akaniangalia, akaona hakuna haja. Nilikuwa nimeishika rula yangu kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa juu ya meza, nikijifanya nasoma namba.