Siku Lucien Alipokimbia

Mdogo wangu Lucien Robichaux alizaliwa mkubwa na hakuacha kukua. Huku kwetu Louisiana, kwenye mashamba ya miwa, mwili kama ule hauachwi ukae bure. Alipoingia sekondari tu, kocha wa mpira wa Kimarekani akamfuata mama mpaka jikoni, akamkuta anakatakata bamia.

"Mama Earline, huyu mtoto ni ukuta. Nipe mimi."

"Ukuta gani unalia ukikanyaga kifaranga?" mama akamjibu. "Haya, mchukue. Lakini akirudi kavunjika, na wewe nitakuvunja."

Wakampanga safu ya mbele ya ulinzi, pale majitu yanapokabiliana pua kwa pua. Kazi yake ilikuwa kupenya katikati ya majitu ya upande wa pili, amfikie mrusha mpira, ambwage chini. Mpira wenyewe mchezaji wa safu ile anaweza kumaliza miaka hajaugusa. Lucien aliiweza kazi, ila adabu ilimzidi. Akishambwaga mtu humwinua, humpangusa nyasi, na kumuuliza, "Samahani, kaka. Hujaumia?"

Chuoni Kocha Haywood nusura awe kichaa. "Robichaux! Umekuja kucheza au umekuja msibani?"

"Kucheza, Kocha."

"Basi bwaga! Pole utampelekea nyumbani kwake!"

Alibwaga kweli, na pole hakuacha kutoa. Mashabiki wakampa jina la Samahani. Kila alipomlaza mrusha mpira, uwanja mzima uliimba, "Samahaaani!" mpaka mama akaona haya, akajifunika uso kwa mkoba.

Siku timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya, ukoo mzima ulijazana uani kwetu. Tulichemsha masufuria ya kamba wa mtoni, runinga tukaitoa nje. Majina yakasomwa mpaka yakaisha. La Lucien halikutajwa. Watu wakainamisha vichwa. Mama akamwaga kamba mezani, mvuke ukapaa.

"Nani amekufa hapa?" akauliza. "Kuleni! Na wewe Lucien, acha kuitazama hiyo simu, haina nyama."

Wiki iliyofuata timu moja ya kaskazini ikapungukiwa watu mazoezini, ikamwita akazibe pengo. Alikwenda na begi moja. Pengo aliliziba moja kwa moja.

Huko ndiko alikokutana na Stosh Dombrowski, mlinda mrusha mpira wa timu hasimu, mtu mwenye kifua kama pipa na mdomo usio na breki. Walikutana kila msimu, na kila walipoinama kuanza, Dombrowski alikuwa na lake.

"We bonge, mama kakufungia chakula leo?"

"Kafunga viwili," Lucien akasema. "Chako kiko kwenye basi."

Dombrowski alicheka mpaka refa akawaonya wote wawili.

Mwaka wake wa sita, mechi ya mwisho ya msimu iliwakutanisha kwenye uwanja wa akina Dombrowski, mvua ikinyesha. Mshindi angeingia mtoano, na sisi tulikuwa nyuma kwa pointi nne, dakika zikiyoyoma. Mimi na mama tulikuwa jukwaani ndani ya makoti ya mvua. Mrusha mpira wao akarudi nyuma kutupa. Lucien akamsukuma Dombrowski, akashindwa kupita, akanyoosha mkono juu. Mpira ukampiga kiganjani, ukapaa, ukashuka kifuani pake.

Aliutazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mgeni. Wenzake wakapiga kelele, "Kimbia!"

Akakimbia. Sijui kama niite kukimbia. Maji yaliruka kila upande, tumbo likawa na safari yake. Dombrowski akamfuata, naye akihema kama ng'ombe.

"Kwani kawakosea nini wanamkimbiza hivyo?" mama akanishika mkono.

"Mama, ana mpira!"

"Wa nani?"

Karibu na mstari wa goli Dombrowski akamdaka jezi. "Simama, we bonge, tutakufa wote!"

"Tangulia wewe," Lucien akasema, "mimi nafika!"

Akamburuta mgongoni, wakaanguka pamoja ng'ambo ya mstari. Pointi sita, tukashinda. Mama alirukia mapaja ya shabiki wa wapinzani, akambusu kipara.

Mtoano tulitolewa mapema, tena kwa aibu. Lucien alicheza mpaka goti likagoma, akaagana na timu huku akilia waziwazi, kisha akarudi nyumbani kuwafundisha vijana wa safu ya ulinzi.

Majira ya kuchipua yaliyopita Dombrowski, naye amestaafu, alikuja kututembelea na mkewe. Lucien akasema atamwonyesha kuvua samaki mtoni. Tukawaambia mtumbwi ule ni wa mtu mmoja na nusu. Hawakusikia. Hawakufika hata mita kumi. Mtumbwi ukainama, ukafikiri kidogo, ukawamwaga. Maji yaliishia mapajani, lakini kwa magoti yale hakuna aliyeweza kusimama. Wakakaa topeni bega kwa bega, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa unene, na mama ukingoni akishindwa kuwatupia kamba kwa kicheko.